Picha ya Taiwo Peke Yake

Mtu akishajiandaa kupigwa picha, mimi simtaki tena. Akivaa, akajipaka poda, akaweka mkono kiunoni, hapo unapiga nguo tu. Ndiyo maana studio yangu ya Mapo nimeiacha iwe chumba cha kusafishia filamu, mwenyewe nashinda barabarani nikiwapiga watu nisiowajua. Matusi ninayopata hapa Ibadan, we acha tu! Wengine wananiuliza nimetumwa na nani. Wengine hawana neno, ila, "Anti, ngoja kwanza nikabadilishe kilemba," na akirudi na kilemba chake hicho, sura niliyoitaka imeshapotea. Masharti yangu ni rahisi: nikikupiga, nakuletea nakala yako, bure.

Asubuhi moja soko la Bodija nikamwona mama muuza unga wa viazi vikuu. Unga umemganda mpaka viwikoni, kilemba kimeteleza nyuma, anamfokea mteja aliyekuwa akitia vidole kwenye kila gunia. Katikati ya ugomvi akacheka, kicheko chake mwenyewe. Nikafyatua.

"Wewe mwanamke!" akanigeukia. "Umenipiga mimi?"

"Nimekupiga. Ukimaliza kucheka utakasirika."

"Mimi tu? Peke yangu?"

"Ulitaka nikupige na magunia?"

Alijifuta unga taratibu, akaniuliza kwa sauti ndogo picha itakuja lini. Nikamwambia Ijumaa. Nikamwuliza jina, niliandike nyuma.

"Taiwo."

Mtu wa kwetu akisikia jina hilo hahitaji maelezo. Huyo ni pacha, wa kwanza kutoka, na mwenzake ni Kehinde.

"Na Kehinde yuko wapi, nimpige naye?"

"Kasafiri," akasema, akarudi kwa mteja wake.

Nikaelewa. Kwetu pacha hasemwi kuwa amekufa. Amesafiri. Wala haliliwi, asije akarudi kumchukua mwenzake.

Nilipokuwa naichapa ile picha nikaona nimtendee wema. Mpiga picha yeyote wa mji huu anaijua kazi yenyewe: unafunika nusu ya karatasi kwa kadibodi, unachapa, unahamisha kadibodi, unachapa tena upande wa pili. Mtu mmoja anatoka wawili, bega kwa bega, na nyumba inatulia. Mapacha waliobaki peke yao huja wenyewe kuniomba. Huyu hakuomba, nikadhani anaona haya, maana picha ni ya bure. Nikahangaika na mshono wa katikati mpaka ukapotea kabisa. Nilijiona fundi kweli kweli.

Ijumaa Taiwo akaipokea bahasha kwa mikono miwili. Akaifungua, uso ukamshuka.

"Hata wewe," akasema.

"Hata mimi nini? Tazama mshono, kama unauona!"

"Hata wewe, mpita njia." Akakaa juu ya gunia. "Dada, Kehinde kasafiri hata meno hajaota. Lakini picha zangu zote tuko wawili. Za utoto wawili, za shule wawili. Ya harusi, bwana harusi mmoja, mabibi harusi wawili! Mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kaoa wawili kwa mahari moja. Watu wanacheka, na mimi nacheka. Mama akizitazama huanza na yule wa kushoto. Anamsalimia, anamwuliza kama amekula. Halafu ndiyo anakuja kwangu. Sasa mama kazeeka, miguu imekataa, hatoki kitandani. Nataka kabla hajaondoka anitazame mimi. Mara moja tu. Uliposema umenipiga peke yangu, nilifurahi mpaka nikajishangaa."

"Si ungesema!"

"Ningesema ungekubali?"

Swali hilo likaniudhi. Nisingekubali. Nani anataka kumtenga pacha na mwenzake, halafu aliyesafiri akakasirika? Nilirudi studio nikiwa na hasira naye, na mimi mwenyewe, na waliotuanzishia mambo haya. Nikaichapa upya, Taiwo mmoja katikati ya karatasi, huku naitazama kwa jicho la pembeni. Mwanamke mzima naogopa karatasi!

Nilipompelekea aliniomba tuende wote nyumbani kwa mama yake, mtaa wa Oje. Chumba kilijaa mapacha ukutani, wanavaa sawa, wanatabasamu sawa. Mama alikuwa kitandani, mdogo, macho makali bado. Akaipokea picha, akaisogeza puani. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Mwingine yuko wapi?"

Nikafungua mdomo niseme karatasi ilikuwa ndogo. Taiwo akanishika mkono, akaniminya mpaka nikaumia.

"Hayupo, mama."

"Hayupo?"

"Hayupo."

Mama akailaza picha kifuani. Nikasikia mtwangio nyumba ya jirani, mtu anatwanga viazi vya mchana.

"Kumbe amekufa," akasema.

Akalia. Jamani, alilia! Kilio cha msiba wa leo leo, cha mtoto ambaye mama hakuwahi kuruhusiwa kumlilia. Akamwita kwa majina yake yote ya sifa, akajipiga kifuani. Mimi nikalia naye, mtoto mwenyewe simjui. Taiwo alisimama mlangoni, mikono inaning'inia, macho makavu. Nikamwonea uchungu sana. Nilisema moyoni, basi, hata hii nayo Kehinde ameichukua.

Kilio kikapungua. Mama akajifuta kwa ncha ya kanga yake, akaiokota tena ile picha pale ilipoangukia. Akaitazama muda mrefu. Akainua macho mlangoni, akashuka tena kwenye picha, akainua tena.

"Una mvi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini una mvi, mwanangu?"

"Siku nyingi, mama."

"Njoo nizione."

Taiwo akavua kilemba, akapiga magoti kando ya kitanda.