Mfupa wa Madoa

Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa mbili na robo asubuhi, ukungu ulikuwa umetanda kijiji chote cha Buger na manyunyu yalikwisha kunilowesha kabuti nilipofika kwa shemeji yangu Clemensi. Nilikwenda kuchukua mfupa.

Clemensi nilisoma naye shule ya bweni, mimi nikiwa kiranja wake; baadaye akamwoa dada yangu Lusia. Mwaka uliotangulia, mbuzi wao Madoa alitumbukia korongoni, akavunjika muundi vibaya hata kipande cha mfupa kikapotea. Mimi, daktari wa mifugo na mtafiti, nilimtibu kwa kibali cha chuo changu. Katika lile pengo nilipachika kiunzi cha polima, aina ya plastiki, chenye vitundu vingi kama sifongo, kilichoimarishwa kwa nyuzi za mkonge. Seli za mfupa hupenya vitunduni na kujenga. Polima nayo huyeyuka taratibu, hadi mnyama abaki na mfupa wake mwenyewe. Siku ile tulipeana mikono na Clemensi: mwaka ukiisha Madoa achinjwe, nyama yao, mfupa wangu.

“Shikamoo, kiranja!” Clemensi aliniita kutoka mlangoni. “Leo unamkagua nani, mimi au mbuzi?”

“Wewe ulinishinda tangu kidato cha kwanza. Mbuzi yuko wapi?”

Madoa akatoka zizini, vitoto vyake pacha nyuma yake, akapanda tuta bila kuchechemea hata kidogo. Niliupapasa muundi wake, ulikuwa imara. Nilijivuna, wala sikuficha.

“Basi si umekwisha kuona, kaka?” alisema Lusia kutoka barazani, birika la chai mkononi. “Na picha za eksirei ulipiga mwenyewe.”

“Eksirei haionyeshi nyuzi. Ni lazima nikate mfupa vipande vyembamba, nivitazame kwa hadubini, nijue mkonge umeishia wapi. Bila hivyo kazi yangu ya miaka sita inasimama hapa hapa. Siwezi kuthubutu kumwekea binadamu kiunzi hiki.”

“Chukua beberu.”

“Beberu hana kiunzi, Lusia.”

“Mke wangu,” Clemensi aliingilia kwa sauti ya chini, “tulipeana mikono.”

“Nani na nani?”

“Mimi na kaka yako.”

“Na Madoa ni wa nani?”

Madoa alikuwa wa Lusia. Mama yetu alimpa mbuzi huyo Lusia alipojifungua binti yake Angela, nasi tulilijua hilo vizuri.

“Mliapiana kama mngali mnalala bweni moja,” akasema Lusia, “huku mwenye mbuzi yuko jikoni anawapikia! Hamkuniuliza. Huyu ananyonyesha, na watoto wangu wanakunywa maziwa yake. Simtoi.”

Clemensi alisimama wima, akavua kofia. “Kiranja, nilikuahidi, na siwezi kulipa.”

Sijapata kumpenda kama nilivyompenda asubuhi ile, amelowa, kipara wazi, anakiri bila kutafuta udhuru.

“Vaa kofia, uketi,” nikamwambia. “Utapata mafua.”

Lusia alinimiminia chai, akaniongezea sukari kama nipendavyo. “Kunywa, kaka. Mfupa hupati.”

Nikanywa. Sikuwasamehe deni lile, mtu asije akadhani hivyo. Nilikataliwa, na katika taarifa yangu kwa chuo niliandika neno hilo hilo: mwenye mbuzi amekataa.