Macho Mekundu ya Mokeira

Macho ya Mokeira yalikuwa mekundu tangu hajajua kusema. Yaliwasha, yakatoa machozi na tongotongo, na jua la Rangwe likiwaka alitembea ameinama kama aliyeangusha sindano. Maandishi ya ubaoni hakuyaona vizuri, kwa hiyo mwalimu akamwita mvivu. Hayo aliyazoea. Kilichomuumiza ni saa ya chakula.

Wenzake walikuwa wameshakata shauri kwamba ana sihoho, lile jicho ambalo likikutazama unapokula, tumbo linakusokota mpaka ulie. Akipita na githeri yake, sahani zilifunikwa kwa viganja. Upuuzi mtupu, lakini nenda ukamwambie mtoto mwenye njaa. Phanice peke yake ndiye aliyekula naye, na Mokeira alimpenda kupita kiasi. Halafu Phanice akaumwa na tumbo. Alikuwa amefakamia maembe mabichi asubuhi hiyo, ila nani aliuliza habari za maembe? Nyanya yake Phanice, Zilpah, ambaye mtaa mzima ulimwita Dani, alikwenda sokoni, mahali Bitutu, mama yake Mokeira, anapouza ndizi.

"Mama Mokeira, mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini huyu mtoto wako asikule tena karibu na wangu."

Bitutu alifunika ndizi zake kwa gunia, akampeleka mtoto kwa daktari wa macho Homa Bay. Daktari akasema ni mzio, unaochochewa na vumbi, na haumwambukizi mtu. Akampa dawa ya matone na kumkataza kuyafikicha macho. Bitutu alimtia dawa bila kukosa, na muhula ulipokaribia kwisha wekundu ulikuwa umetoka. Dani, ambaye si mtu mbaya, akamwita Mokeira nyumbani kwake.

"Nilikukosea, mjukuu wangu," akasema, akimshika kidevu na kuyakagua macho yale mlangoni penye mwanga. "Leo utakula na Phanice, sahani moja."

Ugali ukaletwa na omena. Phanice alimega tonge kubwa, akacheka kwa furaha. Mokeira alimega lake dogo, akageuka, akautazama ukuta.

"Sasa unaangalia nini huko?" Dani akauliza. "Si umepona?"

"Nimepona, Dani," Mokeira akajibu bila kugeuka. "Lakini wacha Phanice amalize kwanza."