Likizo ya Dada Tulia

Saa ya mapumziko, mpiga pasi wa kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali alikaa juu ya tenga lililopinduliwa, akaweka simu sikioni. Kampuni ilikuwa imewawekea wafanyakazi wote programu ya kuwapunguzia mawazo. Sauti yake ilikuwa ya kike, ya upole, nao waliiita Dada Tulia.

"Mama yangu anapoteza macho," alisema mpiga pasi. "Daktari anasema mwezi huu hautaisha akiwa anaona. Anataka anione kabla. Nimeomba ruhusa, msimamizi amekataa."

"Pole sana. Tuvute pumzi pamoja."

"Pumzi ninayo, dada. Ruhusa ndiyo sina."

Mkunja mashuka, aliyekuwa akila pembeni, alicheka mpaka akapaliwa.

Dada Tulia akakohoa. Alikuwa amesikiliza kiwanda kizima: walioachwa, waliofiwa, wasiopata usingizi. Kesho yake alitoka kwenye simu, akakaa kwenye benchi karibu na mashine za kukaushia, amejifunika shuka. Alikuwa na mwili wa mwanamke wa makamo na miguu iliyovimba. Mahali pa uso palikuwa na mwanga hafifu, kama kioo cha simu inayoishiwa chaji. Mkunja mashuka alimletea chai. Alishukuru, akasema hana mdomo wa kunywea.

Msimamizi alipopita alimuuliza kama amesaini getini. Kisha akamtazama vizuri.

"Huyu amechoka jamani," alisema. "Mtu hafanyiwi hivi. Apumzike mwezi mzima, nauli nitatoa mimi."

"Na mimi, bosi?" aliuliza mpiga pasi.

"Wewe ukiondoka nani atapiga pasi? Jikaze kidogo, mama. Mawazo yakizidi, utazungumza na Dada Tulia akirudi."

Hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe hakuwa amepumzika tangu aajiriwe.

Dada Tulia hakuwa na kwao pa kwenda. Mpiga pasi akamwelekeza kwa mama yake, akampa sabuni na sukari ampelekee.

Mwezi ulipokaribia kwisha, mama alipiga simu.

"Mgeni wako mtu mwema sana, mwanangu. Ananishika mkono, ananisikiliza, hanikatishi hata neno. Macho yamezima kabisa leo asubuhi. Nilikuwa namtazama yeye."

"Ulimwonaje, mama?"

"Niliona mwanga tu. Nilimtafuta uso, sikuuona. Nikajua basi, ndiyo macho yangu yanakwisha. Wewe unakuja lini?"

"Nitaomba tena."

"Omba kwa adabu. Usimuudhi mkubwa wako."

"Sawa, mama."

Mpiga pasi alikata simu, akarudi mezani haraka, kwa sababu shuka likikauka kabisa halinyooki.