Funga ya Jeruto

Kanisani kwetu hapa Lamu hakuna anayeuchukia uongo kama Jeruto. Ndiye anayetufundisha akina mama kila Jumapili juu ya ukweli wa kila siku, na kwake hatupumui. Ukipigiwa simu ukajibu kwamba umeshafika jeti ya Mokowe kupanda boti, kumbe bado uko kitandani unajigeuza, Jeruto anakwambia umemsulubisha Yesu mara ya pili. Mama mmoja alikiri kwamba aliisifu pilau ya wifi yake, nayo ilikuwa imeungua. Aliombewa mpaka akalia.

Haya ninayoyasimulia aliyasema mwenyewe, tena kanisani kwa kipaza sauti, kwa hiyo simsengenyi.

Jeruto ni fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kiko chini, katika nyumba ya Bi Huwaida, mjane wa Kiamu anayeishi ghorofani na bintiye Raihana. Siku ya kwanza ya Ramadhani, Bi Huwaida aliteremka alasiri na kitambaa cha gauni la Idi. Akamtazama Jeruto, akamuuliza kwa upole, "Nawe umefunga, mwanangu?"

Jeruto ndiyo kwanza alikuwa amemaliza sahani ya githeri. Angesema hapana, nani angemlaumu? Mtaa mzima unajua ni Mkristo. Lakini aliulizwa kwa mapenzi, na Jeruto anapenda kupendwa.

"Nimefunga, Bi Huwaida. Tuko pamoja."

Bi Huwaida alitokwa na machozi. Kufikia magharibi majirani wote walikuwa na habari, na Jeruto alikuwa ameketishwa juu mkekani mbele ya tende, mahamri, sambusa na uji wa pilipili manga, akisifiwa na kila aliyeingia. Alikula kwa bidii sana, maana sasa ilimbidi aonyeshe njaa.

Tangu siku hiyo alialikwa kila jioni. Mchana alifunga mlango wa chumba akisema anasali, akajibanza nyuma ya pazia la kupimia nguo na kula mkate mkavu. Hata yai hakuthubutu kulikaanga, harufu ingepanda ngazi. Nadhani hakuna aliyeteseka Ramadhani ile kuliko huyu ambaye hakufunga. Na Jumapili alisimama mbele yetu kama kawaida akatukaripia. Uongo wetu aliuita uongo. Wake aliuita ushuhuda kwa majirani.

Adhuhuri moja Raihana aligonga mlango kwa nguvu. Jeruto alimeza tonge bila kutafuna, akafungua.

"Dada Jeruto, njoo umwambie mama ale. Amekataa kabisa."

Bi Huwaida ana ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza kufunga, na imamu naye akamwambia dini yenyewe imemruhusu, alishe maskini badala yake. Mwaka uliopita alikubali. Mwaka huu alikuwa akiwadanganya wote wawili na kufunga kimyakimya, na sasa alikuwa amelala jasho likimtoka, mikono ikitetemeka.

Jeruto alipanda. Na hata hapo, jamani, alijaribu kwanza kuuzunguka ukweli. Akaanza kuhubiri juu ya afya, kwamba mwili ni amana ya Mungu.

Bi Huwaida alimsikiliza akiwa amefumba macho. "Mkristo wa watu amefunga kwa mapenzi tu," akasema, "nami niliyezawa katika dini nile mchana? Haya yangu mbele ya Mungu itakuwa wapi? Ukiweza wewe, nami nitaweza."

Raihana alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, analia. Jeruto alijua kwamba akinyamaza mama wa watu atakufa, na yeye ndiye atakuwa amemuua kwa neno moja la adabu. Akakaa sakafuni.

"Bi Huwaida, mimi sijafunga."

"Leo?"

"Siku zote."

"Hata siku moya?"

"Hata moja."

Bi Huwaida alifumbua macho. "Yana mchana ulikula nini?"

"Mkate. Na mayai mawili ya kuchemsha."

"Ulikula wapi?"

"Nyuma ya pazia."

Bi Huwaida akamgeukia bintiye. "Raihana, lete bakuli la pili. Huyu atakunywa mbele yangu, nimuone."

Wakanywa. Uji ulikuwa mtamu, na machozi ya Jeruto yalikuwa yakidondokea ndani yake. Bi Huwaida alipofika nusu, mikono ikaanza kutulia, akasema kwa uchungu, "Nimewambia watu wote. Mtaa mzima nimewambia. Sasa nitawambia nini?"

"Usijali, mama," Jeruto akajibu haraka, akijifuta pua. "Tutawaambia nimeugua tumbo, daktari amenikataza kufunga."

Bi Huwaida akaliweka bakuli chini.

Jeruto aliangalia lile bakuli lenye uji nusu. Akamwangalia Raihana. Akainamisha kichwa.

"Nitawaambia mwenyewe," akasema. "Mlango kwa mlango."

"Lini?"

"Kesho."

Bakuli likabaki chini.

"Leo," akasema Jeruto. "Nikitoka hapa."

Bi Huwaida akaliinua bakuli lake, akanywa mpaka akamaliza.