Muswada wa Namba Ile Ile

Vernon Teague alivaa suti yake ya harusi, na mkewe, Opal, akamfunga tai huku akimgombeza atulie. Opal huja kila asubuhi kwenye Makao ya Askari Wastaafu, anakoishi mumewe na ninakofanya kazi tangu nimalize chuo. Hutembea kwa miguu kutoka nyumbani kwao, ng'ambo ya reli. Daktari alishasema kwamba kumbukumbu za Vernon zikizidi kupungua, atahamishiwa wodi ya wagonjwa wa kusahau, na wodi ya aina hiyo iko mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa gari. Opal haendeshi tena.

Ndiyo maana siku ile niliwapeleka wazee wawili kwenye bunge la jimbo. Fedha za kujenga wodi yetu wenyewe zilikuwepo, kwenye mfuko wa kuwatunza askari wastaafu, na muswada uliokuwa unasikilizwa na kamati ulisema mfuko huo usiguswe kwa kazi nyingine yoyote. Nilikuwa nimeusoma nikafurahi. Niliamini kwamba sheria ni namna watu wazima wanavyopeana ahadi.

"Usianze habari za vita," Dell Haugen, mwanamaji wa zamani anayeishi naye makaoni, alimwambia Vernon garini. "Wamekupa dakika mbili. Wewe hata kuomba chumvi unatumia tano."

"Nyamaza, mtu wa majini. Vita vyako ulipigana ukiwa umelala."

"Nililala, ndiyo. Na godoro lilikuwa zuri, mzee mwenzangu."

Mlangoni karani alituandikisha kwenye orodha ya wanaounga mkono. Foleni ya wazee wenye kofia za vikosi vyao ilifika mpaka kwenye ngazi. Walikuwa wametoka jimbo zima. Vernon aliandika jina lake taratibu, kwa herufi kubwa, kama mtoto anayetaka asifiwe.

Kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa, mwenyekiti alisema kuna marekebisho madogo. Mjumbe mmoja akayasoma kwa kasi ya dalali wa mnada wa ng'ombe: maneno yote ya muswada yafutwe, na mahali pake pawekwe yafuatayo. Mikono ikainuliwa. Yakapita.

"Wamefuta nini?" Dell alininong'oneza.

Karatasi mpya ziligawiwa. Nilisoma yangu, nikarudia, maana nilidhani nimepewa ya kikao kingine. Sasa hazina ya jimbo iliruhusiwa kuchota kwenye mfuko ule kupanua magereza, na kurudisha "hali itakaporuhusu."

"Shahidi wa kwanza, anayeunga mkono," mwenyekiti aliita. "Bwana Vernon Teague."

Nilimweleza harakaharaka sikioni. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Kisha akaenda mbele.

"Mheshimiwa, muswada niliokuja kuunga mkono uko wapi?"

"Ndio huu, mzee wangu. Namba ile ile."

"Ukibomoa nyumba yangu ukajenga jela kwenye kiwanja kile kile, namba ya mtaa haibadiliki. Lakini mke wangu akija asubuhi, atanikuta wapi?"

Baadhi ya watu walicheka, halafu wakaacha.

"Basi niandikeni kwa wanaopinga," Vernon alisema.

"Orodha hufungwa kikao kinapoanza, ndio utaratibu wetu. Lakini tumekusikia, mzee. Tunakushukuru kwa kulitumikia taifa."

Kamati iliupitisha muswada. Tukiwa kwenye korido tukitafuta lifti, nilimsikia mwenyekiti akiwaambia waandishi wa habari, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba askari wastaafu zaidi ya mia moja wameuunga mkono muswada, na hakuna hata mmoja aliyejiandikisha kupinga. Hakuwa amedanganya.

Tulianza safari ya kurudi. Tulishapita maghala ya nafaka nje ya mji Vernon aliponigusa bega.

"Sasa wataanza kujenga lini, binti?"

Dell aligeukia dirishani. Ningeweza kumjibu, "Hivi karibuni tu." Niliegesha kando ya barabara nikamweleza yote. Alisikiliza kama anayesikia kwa mara ya kwanza, na uso wake ukapokea pigo lile lile upya. Sijawahi kuona mtu akiumizwa mara mbili kwa ngumi moja.

"Na jina langu liko upande wao?"

"Liko."

"Imekwisha, au?"

"Bado. Alhamisi bunge lote linapiga kura."

"Ofisi zao zinafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi geuza gari. Nitakaa mlangoni kwa mbunge wetu mpaka alitoe jina langu kwenye orodha ile. Nikisahau tumefuata nini, nikumbushe."

"Nikikukumbusha utaumia tena, mzee."

"Niache niumie."

"Mwache binti apumzike," Dell alisema, bado akitazama nje. "Mimi ndiye nitakukumbusha. Kukukera ndiyo kazi ninayoijua."

Niliwasha taa ya kukata kushoto, nikasubiri lori moja lipite, nikageuza.