Sikuiacha Diski kwa Fundi

Mimi kwa fundi siachi kitu. Iwe saa, iwe kiatu, iwe pasi, nikipeleka ninakaa. Natoa uzi wangu na kitambaa cha kochi, nafuma hapo hapo mpaka nikabidhiwe mali yangu. Mume wangu Muasya hunicheka sana. Husema siku nitakayong'olewa jino nitamwambia daktari anipe kiti nilichunge. Acheke tu. Redio yake mwenyewe aliiacha kwa fundi fulani Buruburu, ikarudi na sura yake ile ile lakini matumbo ya redio nyingine.

Basi mwaka wa tisini na nane kompyuta yangu ikafa. Nilikuwa na kibanda cha kuchapa pale mtaani Umoja. Stima ilipotea mchana, ikarudi kwa nguvu, taa zikamulika hadi tukafumba macho. Nilipoiwasha kompyuta, ikaniandikia kwamba haioni diski, ile ya ndani inayoweka kila kitu ulichowahi kuchapa. Nikazima, nikawasha, nikaipiga kofi ubavuni, nikaiombea. Wapi!

Kadi za harusi, barua za kuomba kazi, vijitabu vya programu za mazishi, vyote vilikuwa humo, na vyote ningeweza kuvichapa upya huku nikinung'unika. Nyimbo za Mama Muhonja ndizo nisingeweza.

Mama Muhonja, mtu wa Vihiga, ndiye aliyekuwa akituimbisha akina mama kanisani. Mtu akifariki, alisimama kwenye matanga akamtungia wimbo papo hapo, kwa jina lake na mambo yake, nasi tukaitikia tu. Wimbo huo hakumwimbia mtu mwingine tena. Alisema ni kama kumvua maiti sanda umvishe mwenzake. Na haukukaa kichwani mwake. Kesho yake asubuhi alikuja kibandani, maneno yakiwa bado ya moto, akaniimbia nikachapa. Baada ya hapo ukimuuliza, hana habari.

Mmoja wa nyimbo hizo ulikuwa wa mama yangu. Siku aliyokuja kuniimbia huo nilichapa nikilia, siwezi kukutajia hata mstari mmoja.

Sasa mume wa Mama Muhonja alikuwa amestaafu kiwandani, na Jumapili hiyo tulikuwa tunawaaga warudi kwao. Akina mama tulishakubaliana kumpa kitabu cha nyimbo zake zote, na wa kukichapa ni mimi.

"Si uliziweka kwenye disketi?" Muasya akaniuliza. Kisha akaanza kujikuna shingo.

Nikajua kuna jambo. Mzee Nzau wa nyumba ya pili alipofariki, familia ilitaka programu yenye picha yake ipelekwe mjini kupigwa chapa upesi, maana mwili ulikuwa unasafirishwa Machakos. Kwetu mambo ya mazishi hupishwa na kila kitu. Muasya alichukua disketi iliyokuwa karibu, akafuta vilivyokuwamo, kumbe ndizo nyimbo, ili picha ya marehemu ipate nafasi. Sikumgombeza. Yaani, nilimgombeza, lakini si kwa kiasi alichostahili.

Nikaanza na jirani yangu Opicho, fundi wa redio. Huyo angalau haoni vibaya nikikaa.

"Lete hiyo kitu, Mama Nzisa," akasema. "Tunafungua, tunapangusa na pamba na spiriti, inaimba. Si ni kama kaseti tu?"

Kweli kaseti za nusu ya mtaa amezifufua kwa pamba na spiriti. Akaitoa diski kwenye kompyuta, skrubu yake ya kwanza ikatoka. Lori likapita nje, vumbi likaingia hadi kwenye chai yake, nami nikaona kibandiko juu ya diski.

"Hapa wameandika isifunguliwe."

"Hata redio huandikwa hivyo, mama."

Moyo ukanikataa. Nikaichukua diski yangu. Opicho hakununa, aliirudisha skrubu mahali pake na kunitakia kila la heri.

Kesho yake nikaenda mjini, kwenye ofisi yenye zulia, nikakuta msichana mwenye adabu zake. Hakunizungusha. Diski ingepelekwa Afrika Kusini, ifunguliwe kwenye chumba kisicho na vumbi, na majibu yangechukua mwezi mzima au zaidi.

"Naweza kukaa nikingoja?" nikauliza.

"Afrika Kusini, mama?"

Tukacheka wote wawili. Kisha akaniambia kwamba kama ni stima ndiyo iliyoleta shida, nimjaribu kwanza Hashi, kijana anayeuza kompyuta kuukuu Eastleigh. "Lakini asiifungue ndani," akasema. "Mtu yeyote asiifungue."

Hashi alikuwa mwembamba, mpole, na duka lake lilijaa kompyuta hadi darini. Aliigeuza diski, akainusa.

"Dada, hiki kibao cha chini kimeungua. Ndani huenda ni nzima. Nikipata pacha wake hapa, diski ya aina hii hii, nitaihamishia kibao chake tu, sitaifungua."

"Nitakaa," nikasema.

"Kaa." Akanisogezea kiti cha plastiki.

Alipekua marundo yake, nami nikafuma. Adhuhuri ilipoadhiniwa akanawa, akaniambia, "Dada, niangalizie duka," akaenda msikitini. Mimi nisiyemwachia mtu hata pasi, nimeachiwa duka zima na mtu aliyenijua asubuhi ile! Niliona haya, nami si mtu wa kuona haya. Nikaweka uzi kando nikalinda mlango.

Aliporudi akaendelea kupekua, na pacha akapatikana chini kabisa ya rundo. Akahamisha kibao, akaunganisha, akawasha. Diski ikanguruma, ikakwaruza, na majina ya kazi zangu yakajipanga kwenye skrini. Nikapiga kigelegele mpaka wapita njia wakachungulia.

"Usifurahi bado," Hashi akasema. "Sikia inavyokwaruza. Inaweza kuzima sasa hivi. Watu huniachia wakaenda zao, basi naanza juu nashuka chini. Wewe uko hapa. Niokoe nini kwanza?"

Juu kulikuwa na barua. Kisha harusi, kisha mazishi, mkate wangu wa kila siku. Muhonja alikuwa chini kabisa.

"Muhonja."

"Na hizi za biashara?"

"Muhonja kwanza, ndugu yangu. Tafadhali."

Nyimbo zikaanza kuhamia kwenye diski yake mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina la marehemu wake. Diski ikasita. Ikaendelea. Nilipoona NZILANI, jina la mama yangu, limepita salama, machozi yakanitoka na sikujali nani ananiona. Wa mwisho ukapita. Hashi alipogusa harusi, diski ikakohoa, ikanyamaza, na alipoijaribu tena haikuamka.

"Pole, dada," akasema.

"Pole ya nini?" nikamwambia. Nilirudi Umoja nikiimba, nyimbo zikiwa kwenye disketi mkobani, bila barua hata moja ya mteja.

Jumapili tukampa Mama Muhonja kitabu chake. Macho yake yalikuwa yamefifia, akakipapasa, akanirudishia. "Nisomee wowote, mwanangu."

Nikamsomea ule. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Huo ni mzuri," akasema. "Nani aliutunga?"

Kanisa zima likacheka. "Ni wewe, Mama!"

"Mimi? Nilimwimbia nani?"

"Nzilani," nikasema. "Mama yangu."

Akanishika mkono. "Basi ni wake bado. Simpi mtu mwingine. Nisomee tena polepole, nimwimbie mwenyewe."

Nikasoma mstari, akauimba mstari, akina mama wakaitikia. Safari hii sikulia. Niliitikia kwa sauti yangu yote, na tulipofika mwisho nikakifunga kitabu, kwa sababu maneno yote sasa nilikuwa nayo kichwani.