Mkwe Kwenye Mlango wa Mwisho

Tangu bega lake lilipoteguka, Mtoro hakuwa na jema. Kabla ya hapo, Bagamoyo wala Mlingotini hapakuwa na mtu wa kumfikia katika mashindano ya mitumbwi ya Saba Saba pale Mbegani. Mchezo wenyewe haukutaka mabavu matupu. Maji yakianza kupwa mkondo hukimbia kwa fujo, nawe upenyeze mtumbwi kati ya miti iliyosimikwa miwili miwili, kila jozi ikiitwa mlango, bila kugusa hata mti mmoja. Mshindi hupelekwa Dar kushindana na wakali wa kwingine. Mtoro alishinda, akateguka mazoezini, akapelekwa mwingine. Mpaka leo ukimtajia Dar anatema mate.

Akabaki kufundisha. Alifundisha kwa matusi, vijana wakamkimbia wote isipokuwa Kibwana, kijana mpole aliyekuwa ameoa juzijuzi.

"Vua shati!" alimfokea kila asubuhi. "Shati bichi linakuvuta mkono. Bukta inatosha. Unamwonea nani haya, kaa na samaki?"

Mwaka huo, 1971, Mtoro alikuwa na hakika ya kumpeleka Kibwana Dar. Furaha ikamzidi, akaenda mwenyewe Mlingotini kuwaalika wakwe wa Kibwana waje kushangilia. Bi Ashatu, mama wa bibi harusi, hakuwa mtu wa kutoka ovyo, lakini alibembelezwa mpaka akakubali. Mtoro akamtafutia mahali pazuri pa kuonea, ubavuni mwa mlango wa mwisho. Kibwana hakuambiwa.

Siku ilipofika, Kibwana alipita milango yote bila kosa. Mtoro alikimbia ukingoni, shati la kijana begani, akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mpinzani alikuwa mbali nyuma. Ukabaki mlango mmoja. Hapo Kibwana akainua macho, akamwona mama mkwe wake, na yeye kifua wazi, mapaja nje.

Akalitupa kafi, akajitosa majini mpaka shingoni. Mtumbwi mtupu ukapenya mlangoni vizuri kabisa.

Mtoro akaingia majini na viatu vyake. "Panda! Panda, mwana we!"

"Siwezi, Mwalimu. Mama yupo pale."

"Hakutazami!"

Kweli, Bi Ashatu alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Shikamoo, mama," Kibwana alisema, ameinamisha kichwa.

"Marahaba, baba," sauti ikajibu ndani ya kanga.

Mpinzani akawapita, akashinda.

Mtoro akatoka majini, akataka kumtukana mtu, akakosa wa kumtukana. Aliyemvua shati ni yeye mwenyewe. Aliyemleta mkwe ni yeye. Roho ilimuuma mno hata akatamani kulia mbele za watu.

Bi Ashatu akamjia, uso bado upande. "Ahsante, Mwalimu. Vijana wa siku hizi hawana haya. Huyu umemfunza."

Watu walikuwa wakimtazama, wanangoja.

"Ndivyo ninavyowafundisha," alisema Mtoro. Kisha akalitoa shati begani na kumpelekea Kibwana, ambaye bado alikuwa majini.